Bwana Kagaruki na Morali ya Banda la Kahawa

Tarehe 30 Juni 1953 Bwana Protase Kagaruki anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kusimamia banda la kuchambulia kahawa hapa Bukoba. Kina mama wachambuaji wanasema siku hiyo watalia. Wengine wameshaanza mazoezi.

Baada ya vita, wakubwa waliagiza kila banda liwe na morali. Sisi neno hilo hatukulijua, Bwana Kagaruki akalifuata kwa padre na kurudi na ukoo wake wote: Warumi walikuwa na neno la mila na mwenendo, Wafaransa wakalirithi na kulipeleka jeshini, likawa ule moyo unaomzuia askari kutupa bunduki. Basi kila Jumatatu tukahutubiwa. Akifika kwa Wafaransa, nusu ya banda imesinzia.

Jumatatu moja, katikati ya hotuba, alimwona Mastura, mjane wa Kibeta mwenye watoto wanne, akitafuna punje ya kahawa. Marufuku! Punje kinywani ilihesabiwa wizi. Akamfukuza papo hapo, kisha akaendelea na moyo wa askari. Tangu siku hiyo nyimbo zilikoma bandani, mikono ikawa mizito, kazi ikalala.

Mzungu mkaguzi akaja kuuliza morali imekwenda wapi. Bwana Kagaruki, Mhaya aliyelelewa akaleleka, hawezi kumpokea mgeni mikono mitupu. Akatoa mfukoni akamwani, kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na kukaushwa nyumbani kwake Nshamba, wakatafuna wote wawili. Walipofika getini, mlinzi Ndyamukama, ambaye kwake sheria ni msumeno, akawaamuru wafungue vinywa. Lo! Akawazuia wote wawili kwa wizi.

Mkaguzi alicheka hadi akashika mbavu, akauliza sheria hiyo imeshamfukuza nani. Bwana Kagaruki hakucheka. Alimtaja Mastura kwa sauti ndogo, na ruhusa ya kumrudisha ikatoka palepale. Akapanda baiskeli hadi Kibeta, akamwomba radhi mbele ya wanawe. Mastura alimwacha amesimama uani mpaka ndizi zikaiva jikoni, ndipo akakubali.

Kesho yake kina mama walimpokea Mastura kwa vigelegele. Bwana Kagaruki akasimama mbele yetu kuhutubu, akafungua kinywa, machozi yakamtangulia. Akaketi. Haki ya Mungu, hatujachambua kahawa kama siku ile.

Ahsante, Bwana Kagaruki, kwa kazi na kwa moyo. Tunakuombea afya na uzee wenye raha huko Nshamba. Mastura naye ameomba tuandike hivi: ukija Bukoba, usipite Kibeta bila kuingia ndani na kula.