Sista Ndila Aliyempita Baba Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Jumanne tumempoteza Sista Ndila Nzioka, muuguzi wa Matinyani. Ndiye Ndila aliyewafundisha wauguzi wa Kitui na Makueni kuokoa watu wakati wa ajali kubwa. Wala hakufundisha kwa chaki. Alifundisha kwa kulaza watu chini.

Mwaka wa 1984, kule Kathonzweni, aliomba kwaya ya kanisa ijifanye majeruhi. Wakapakwa rangi nyekundu, wakaambiwa walie. Mwimbaji mmoja tu, Syokau, aliambiwa anyamaze kabisa. Wauguzi ishirini wakaingia uwanjani na vitambaa: chekundu kwa wa kuhudumiwa kwanza, cha manjano kwa anayeweza kungoja. Na wote, wasikilizaji, wote wakaenda kwa mzee wa kanisa, Muthama, aliyejifanya amekwaruzika goti tu. Utampitaje mzee bila salamu? Sisi Wakamba tumelelewa hivyo.

Ndila akapuliza filimbi. "Syokau amekufa," akasema. "Mmemuua kwa adabu zenu. Anayelalamika anapumua. Mtafuteni aliyenyamaza. Haya, rudini mwanzo."

Walirudia mara saba. Mwishowe Mzee Muthama mwenyewe akawa anawafukuza: "Nipiteni huko, mimi ni mzima." Hata Ndila alicheka.

Miaka miwili baadaye, mchana wa jua kali, basi liligongana na lori karibu na Emali. Ndila akafika na wauguzi wanane. Majeruhi wa kwanza aliyemwona kando ya barabara alikuwa babake, Mzee Nzioka, mguu umevunjika.

"Ndila, mwanangu, niko hapa."

Wauguzi wakamtazama Ndila. Atakalofanya yeye, nao watafanya. Roho ilimuuma jamani, lakini aliona babake anapumua vizuri na havuji damu. Akamfunga kitambaa cha manjano mkononi, akampita bila hata salamu. Wauguzi wakamfuata. Chini ya viti vya basi wakamkuta Bilha, mwenye duka la nguo pale Emali, amenyamaza, pumzi zinahesabika. Wakamwahi. Siku hiyo kila aliyetolewa akiwa hai alifika hospitali akiwa hai. Narudia: kila mmoja.

Lakini nyumbani kulikuwa na baridi. Jonah, ndugu yake Ndila, ametuambia: "Baba hakumsemesha dada yangu miezi minne. Dada anakuja, anamtunza ule mguu, anaenda zake."

Kisha Jumapili moja mwanamke akaingia uani akitembea polepole.

"Wewe ni nani?" mzee akauliza.

"Mimi ni Bilha, baba. Ndimi niliyekuwa nahudumiwa wakati wewe unaita."

Mzee Nzioka alimtazama sana. Akashika mkongojo, akainuka kwenye kiti chake, kiti ambacho hata wanawe hawakuthubutu kukikalia. "Keti hapa," akamwambia. Halafu akageukia jikoni, akaita: "Ndila, mwanangu, njoo tule."

Kwa Jonah na jamaa yote ya Matinyani, poleni sana. Machozi yenu ni yetu pia. Nasi tuliobaki tujiulize: siku ile pale barabarani, mimi ningeweza kumpita baba yangu?