Shingo ya Gitaa Bado Mbichi

Benchi letu liko nje ya karakana ya Fundi Randa, seremala, na sisi tunaokaa hapo hatuaminiani hata kwa kijiko cha sukari. Leo mezani kwake imelala shingo ya gitaa la besi la jamaa yetu tunayemwita Mdundo. Gitaa lenyewe la bei poa, halina vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingoni. Kidole kinateleza kwenye ubao mtupu. Tatizo ni nyuzi. Zimezungushiwa waya, zinakwaruza, na ubao ulishaanza kuchimbika. Fundi kaupiga msasa, kaupaka ile gundi ngumu ya kuchanganya, kasema usiguswe mpaka kesho asubuhi. Kesho jioni Mdundo anajaribiwa na bendi. Nafasi hiyo ameililia muda mrefu, na leo roho iko juu.

— Mimi narudia, akaanza Shahidi, ambaye kila kitu kilitokea yeye akiwepo. Hilo gitaa limeng'olewa vyuma. Nimeona kwa macho yangu.

— Ulikuwepo dukani? Mdundo akamuuliza.

— Nilikuwa napita.

— Limetengenezwa hivyo hivyo, kaka. Ndiyo aina yake.

— Aliyekuuzia ndiye kakwambia?

— Ndiye.

— Haya.

Gazeti, mzee wa kusoma magazeti ya juzi, akakohoa.

— Shahidi, wewe unaona karibu mno. Kiwanda ndicho kimefanya. Ubao wanauweka laini makusudi, nyuzi wanaziweka kali makusudi. Ubao ukiisha, unarudi kununua mwingine.

— Si abadilishe nyuzi tu? nikauliza. Laini zipo.

— Zipo, Mdundo akajibu, ila sauti inapoa. Mimi nataka ilie, ivute. Ndiyo maana nikataka gundi, ikinge ubao.

— Nani kakwambia inapoa?

— Muuza nyuzi.

— Umeona! Gazeti akapiga goti. Lao moja! Wa nyuzi, wa gitaa, wa gundi.

— Na Fundi, Shahidi akanong'ona.

Fundi Randa akatoa kichwa mlangoni.

— Fundi kafanya nini?

— Hatujasema kitu, fundi wetu, Shahidi akajibu. Ila ile gundi, uliichanganya sawasawa?

— Nimechanganya mbele ya Mdundo.

— Mbele ya Mdundo, au Mdundo kageuka?

Mdundo akachungulia ndani ya karakana. Wasiwasi ulimwingia nikiuona.

Baada ya hapo benchi likawa na safari nyingi. Fundi alipoenda kupokea mbao barabarani, Shahidi akaingia karakana kunywa maji, na jagi liko nje. Gazeti akaenda kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Mimi nikawafuata kuhakikisha hawajaharibu. Mdundo akaingia kuhakikisha mimi sijaharibu. Kila aliyerudi alikaa na kuisifu kahawa aliyotununulia Mdundo.

Ndipo akafika dada mmoja, kiongozi wa ile bendi.

— Habari za hapa? Nimekuja kukiona chombo.

— Njema, dada. Karibu, karibu!

Fundi, aliyekuwa amesharudi, akaitoa shingo, akaishika ncha kwa ncha, akaiinamisha juani. Gundi yote ilikuwa imejaa alama za vidole, zimezama.

— Nani kaigusa?

— Kuna mtu aliingia, Shahidi akasema. Nilimwona.

— Nani?

— Alinipa mgongo.

— Wa kiwanda huyo, Gazeti akasema. Wanatuma watu.

Mdundo akasimama.

— Ni nyie! Nawanywesha kahawa, nyie mnanimaliza!

Akatunyooshea kidole. Kwenye ncha ya kidole hicho gundi ilikuwa inameremeta, imeshika unga wa mbao.

Hakuna aliyecheka. Nilimwonea huruma, na aibu nilikuwa nayo, maana changu chenye gundi nilikuwa nimekificha mfukoni.

— Inabidi ikauke hivi hivi, Fundi akasema polepole. Niikwangue, nipake upya. Keshokutwa, tena nikifunga kufuli.

Yule dada akaitazama shingo, kisha akamtazama Mdundo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililouma zaidi.

— Sawa, kaka. Sasa kesho jioni utapiga nini?

Mdundo akatugeukia sisi. Gazeti akaanza tena kutafuta miwani.