Mzee Anselmi Mloka na Ubao Uliobaki Mweupe

Baba Paroko, masista, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji mliopanda mlima na mvua hii, familia imemtuma mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake Rosa, awasomee maisha ya Mzee Anselmi Tomasi Mloka, na kwa kuwa marehemu hakupenda mtu atie chumvi, yatasomwa kama yalivyokuwa.

Mzee Anselmi alizaliwa hapa Mgeta tarehe 21 Aprili 1956, akiwa mtoto wa kwanza wa wakulima wa kabichi na njegere, Mzee Tomasi na Mama Margareth, na mwaka 1964 akaanza darasa la kwanza katika shule ya misheni. Januari 1968, alipoingia darasa la tano, mama yao alichukua kalenda ya mwaka uliopita, yenye picha ya Malaika Gabrieli akimpasha habari Bikira Maria, iliyochorwa na fundi wa Italia zaidi ya miaka mia tano iliyopita, akaikata katikati kwa mkasi ili ajalidi madaftari mawili, Anselmi akapata nusu yenye malaika, mdogo wake Rosa akapata nusu yenye Maria. Daftari la Rosa lilichukuliwa na maji akivuka mto kwenda shule, kabla hata ya Pasaka, lakini la Anselmi lilidumu, kwani alikuwa akilitazama jalada lake hata kipindi cha hesabu, na viboko alivyokula kwa ajili ya malaika yule alivisimulia kwa kicheko mpaka uzeeni.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1970, akajifunza useremala katika karakana ya misheni kuanzia 1972 hadi 1974, kisha akaandika mabango ya maduka na mabucha Morogoro mjini hadi 1983, ndipo akarudi nyumbani kuanza kazi ya maisha yake, kunakili kwa mkono picha takatifu za mafundi wa kale wa Italia kutoka kwenye kalenda na kadi za Komunyo ya Kwanza. Alipiga miraba midogo ya penseli juu ya kadi, akapiga mikubwa juu ya ubao, akahamisha mraba mmoja baada ya mwingine bila kuongeza wala kupunguza, kiasi kwamba kadi iliyokuwa na mkunjo aliinakili na mkunjo wake, na ndiyo maana Bikira Maria wa kule Kinole ana mstari unaompita begani mpaka leo. Kazi zake arobaini na tatu zimo makanisani kuanzia huku juu hadi Kisaki, zote zimetoka kwa mtu ambaye hakuwahi kupanda ndege, na sisi tuliomwona akizifanya bado hatuelewi aliwezaje.

Tarehe 14 Septemba 1985 alifunga ndoa na Kristina Banzi katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia mbele ya haki akiwa mchanga.

Mwaka 1991 alichora kwenye ubao mpana ulio mbele yenu yule malaika wa daftari lake, amepiga goti, mabawa bado hayajatulia, na nusu ya pili akaiacha nyeupe, kwa sababu hakujua Maria wa picha ile alikaaje wala mikono yake ilikuwa wapi, na Rosa kila alipoulizwa, mwaka huu alisema ameketi, mwaka mwingine alisema amesimama. Halmashauri ya kigango ilimsema sana, ikataka kuleta fundi wa mjini aijaze, naye akajibu kwamba Mama wa Mungu yeye hawezi kumbuni kichwani, kwa hiyo tukasubiri naye miaka thelathini na moja, na bibi zetu wakazoea kuwasha mishumaa upande ule usio na mtu.

Aprili 2022, Mwalimu Sharifa Dadi, mhadhiri wa kilimo aliyeleta wanafunzi wake kuona matuta, aliingia humu kujikinga na mvua, akamtambua malaika, akaitafuta picha nzima kwenye simu na kumpa Mzee, ambaye alivua kofia, akaitazama mpaka kioo kikazima. Mwezi Mei Mwalimu akamtumia nakala kubwa ya picha ile kwa lori la kabichi, lakini tarehe 9 Juni, kabla Mzee hajapiga mraba wa kwanza, kiharusi kikauua mkono wake wa kulia.

Alilazwa hospitalini Morogoro wiki sita, akarudi na kuanza kujifunza kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza, akijaza makaratasi kwa mistari iliyopinda, na Januari 2023 akaugusa ubao, mama Kristina akimshikilia kiwiko, wiki njema miraba miwili, wiki mbaya hakuna, hata uso wa Maria aliufuta mara mbili huku akilia. Tarehe 25 Machi 2025, sikukuu yenyewe ya Kupashwa Habari, kitambaa kilipoondolewa tulimwona Maria ameketi, mkono kifuani, mtulivu kabisa, kwaya ikasahau wimbo, naye Rosa akasogea, akagusa ukingo wa ubao na kusema, "Kaka, ndiye huyu."

Mzee Anselmi alifariki nyumbani kwake tarehe 6 Aprili 2025, saa nne asubuhi, baada ya shinikizo la damu kupanda tena, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Mwalimu Sharifa ambaye yupo nasi hapa, dereva Jackson wa lori la kabichi aliyeipakata nakala ile njia nzima isilowe, majirani waliolima shamba la mgonjwa misimu mitatu bila kuombwa, mafundi wenzake wa mjini waliotuma rangi, na wanajumuiya wote.

Mjomba, mikono yako yote miwili imefanya kazi, ipumzishe sasa, nawe upumzike kwa amani.