Filamu ya Mke Aliyechoka Kungoja

Béatha alipanda basi la Kicukiro kwenda kumpa Sangwa jibu la posa yake. Mumewe alikuwa amekwenda vitani miaka kumi na tisa iliyopita, na hapana aliyeleta habari zake, za uzima wala za mauti.

Mbele yake, abiria wawili wasiojuana walikuwa wakibishania filamu iliyovuma mjini: mke wa askari anaolewa na seremala jirani, kisha askari anarudi.

"Yule mwanamke hana haya," alisema mzee mwenye kofia. "Mume yuko vitani, yeye anapika harusi."

"Alingoja miaka saba, mzee," akajibu binti aliyekaa naye. "Wewe ungengoja?"

"Mimi? Hata siku saba hapana. Lakini mimi ni mwanamume."

Ndivyo haki inavyogawanywa na aliyeshika kisu.

"Asante kwa kusema kweli," binti akacheka. "Watu walimpigia makofi yule mama."

"Vijana ndio walipiga. Wazee tulinyamaza."

Béatha akainama mbele. "Samahanini. Kabla hajaolewa, ukoo wa mume ulivunja matanga?"

Wote wawili wakageuka.

"Hapana, mama," binti akasema. "Maiti haikuonekana. Wangevunja matanga ya nani?"

"Basi aliolewa akiwa bado msibani," mzee akasema taratibu.

"Na kama wangevunja, halafu akarudi?" Béatha akauliza.

Basi likasimama. Béatha akashuka, akaipita njia ya kwa Sangwa, akaenda kwanza kwa mama mkwe wake.