Mativo na Liva Iliyogoma Dandora Tu

Leo ni Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026. Huu ni mwaka wa thelathini na nne tangu nilipofukuzwa Molo katika ghasia za kikabila za 1992, na wa ishirini na tisa tangu Musembi Mativo alipoajiriwa katika karakana yetu ya magari hapa Donholm, Nairobi. Jumanne ijayo, tarehe 30, atastaafu akiwa fundi mkuu. Wenzangu wameniomba mimi, mtunza stoo, niandike habari zake kwa ajili ya sherehe ya leo.

Mativo alitoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, alikokuwa akiishi kwa vibarua vya viwandani. Tulimpokea Machi 1997, kazi yake ikiwa kuziba pancha langoni. Baada ya miaka miwili alikuwa akifungua gia boksi, na kufikia 2008 magari yote yaliyobadilishwa umbo, yale ambayo vitabu vya kiwandani havina habari nayo, yalikuwa mikononi mwake. Pikapu ya maziwa iliyogeuzwa gari la maiti ni kazi yake, na bado inatembea. Ni mtu wa maneno machache na sauti nzito ya besi, ya mwimbaji wa kwaya. Mwaka 2011 tulimtuma soko la Gikomba kununua boliti, akarudi na suti ya kwaya iliyokunjwa vizuri, boliti hakuna. Alizirudia mwenyewe bila kuambiwa, akiimba njia nzima.

Lakini kazi ninayotaka ikumbukwe ni ya gari la Triza Adongo.

Triza ni mhudumu wa afya katika jalala la Dandora. Polio ilimdhoofisha miguu akiwa mtoto. Kazini hutumia gari dogo la mizigo, lisilo na milango, la aina inayopita kwenye tope na mawe, kupeleka dawa na maji ya kunywa kwa waokotaji taka. Mativo ndiye aliyeliondolea pedali na kuliwekea liva moja ya mkono: ukiivuta gari linaongeza mwendo, ukiisukuma linashika breki. Aliinua pia bodi inchi nne juu ya chesi, ile fremu ya chini, ili gari lisikwame.

Agosti 2021 liva ilianza kuwa ngumu. Triza alilileta gari mara mbili. Mara zote mbili Mativo alilipandisha kwenye jeki, akabadilisha kebo, akapaka grisi, liva ikawa laini, akatia sahihi kwamba gari ni zima. Mara zote mbili Triza alifika Dandora, liva ikagoma. Siku moja gari lilipitiliza mita sita kabla ya kusimama, tena kwenye njia yenye watu. Wakuu wake wakampa hadi Ijumaa: breki zisipoaminika, gari apewe dereva mwingine, naye aende kukaa ofisini.

Alirudi kwetu Jumatano, uso umekunjamana.

"Fundi, hii kitu inakuwa sawa hapa kwenu tu," alisema. "Nikifika Dandora inakataa."

"Labda inaogopa moshi ya kule," akasema Nduta, fundi wetu wa breki.

"We cheka tu. Ijumaa mimi naenda kupiga mihuri kwa makaratasi. Na wale wamama wataletewa maji na nani? Hao madereva wengine wanaishianga kwa lami, huko ndani hawaingii."

Nduta aliacha kucheka. Mativo alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu.

"Ukiwa huko, huwa umebeba nini?" aliuliza.

"Maji. Tangi la lita mia mbili, kila siku."

"Na ukija hapa?"

"Hapa soja wa geti ananiambia nimwage kwanza. Ati ni sheria ya mzee wa stoo."

Wote walinigeukia. Ilikuwa kweli. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeagiza kila gari liingie tupu, ili vitu vya wateja visipotelee kwetu na ua usiwe tope. Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona gari lile jinsi linavyokuwa kazini.

"Basi, mzee," Mativo aliniambia, "tuletee ndoo za maji."

Nilizibeba mwenyewe. Alimwomba Triza akae kitini kama anavyokaa siku zote, kisha akaazima mizani ya ndoano kwa jirani yetu muuza vyuma chakavu, akaifunga mbele ya liva ili aivute kuelekea upande wa breki. Tangi likiwa tupu, liva ilivutika kwa kilo nne. Maji yalipofika nusu, kilo tisa. Tangi lilipojaa, kumi na tisa. Mativo akachukua tochi, akalala chini ya gari, akaifuata kebo kwa kidole.

Kati ya bodi na chesi kulikuwa na vipande vya raba, alivyovikata yeye mwenyewe kutoka kwenye tairi la lori. Vilikuwa laini mno. Uzito wa maji ulivibana, bodi ikashuka na kuikandamiza kebo iliyopita hapo katikati. Gari likiwa tupu, bodi iliinuka na kebo ikaachiliwa. Kwa hitilafu hiyo tungeweza kubadilisha kebo na kupaka grisi mwaka mzima bila kuiponya.

Mativo alitoka chini, akajipangusa magoti. "Raba nilikata mimi. Na mara mbili nimesema gari ni zima, nikiwa nimekosea. Pole, dada."

"Pole itanisaidia Ijumaa?"

"Haitakusaidia. Raba ngumu ndiyo itakusaidia."

Nduta alitaka kuandika kwenye kitabu cha kazi kwamba chanzo ni uchakavu. Mativo alimnyang'anya kalamu, akaandika: "Kosa la Mativo." Ukurasa huo bado upo.

Aliweka raba ngumu, akaipitisha kebo nje ya chesi, kwa mkunjo mpana, mbali na joto la ekzosi, bomba la moshi. Alhamisi jioni mizani ilionyesha kilo tano, tangi likiwa limejaa. Ijumaa wakuu wa Triza walichora mstari wa chokaa chini ya mteremko kule Dandora. Triza alishuka na maji yake yote, akasukuma liva kwa mkono mmoja, gari likasimama hatua mbili kabla ya mstari. Lilibaki lake, na analiendesha hadi leo.

Sheria yangu ya geti ilifutwa wiki hiyo hiyo. Sasa kila gari hujaribiwa likiwa na mzigo wake na dereva wake. Ua wetu una tope, tumeuzoea.

Mwezi uliopita meneja alimwandikia Mativo barua akimwomba awe akija siku mbili kwa wiki kukagua magari kabla hayajatoka. Alikataa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu akiendelea kunawa mikono: "Triza alirudishiwa gari bovu mara mbili kwa sababu watu waliamini sahihi yangu. Hata mimi niliiamini. Nikibaki hapa, mtakuwa mnaniangalia mimi badala ya gari."

Tunamshukuru kwa miaka ishirini na tisa ya kazi safi, na kwa ule ukurasa mmoja. Tunamwombea afya njema, usingizi wa asubuhi ambao hajawahi kuuonja, na furaha nyumbani kwake. Kuanzia Jumatano, Nduta ndiye atakayekagua magari na kutia sahihi. Mativo hatarudi.