Dubu Wawili wa Sadaka

Itangazwe kwa wananchi wote wa mji wa Iași kwamba leo, ndani ya basi la umeme, lilikaa baraza kuu la usingizi wa watoto. Wajumbe walikuwa wawili, na hata hawakujuana.

"Zile peremende za usingizi zitolewe kwa cheti cha daktari tu," alisema Ruxandra, aliyempakata mwanawe Matei. "Zina umbo la dubu, bibi! Mtoto atajuaje kwamba ni dawa?"

Bibi Paraschiva akaguna. "Foleni ya daktari ni wiki tatu, mwanangu. Hadi cheti kitoke, mtoto ameshaota ndevu. Binti yangu anafanya zamu kiwandani. Mjukuu asipolala, nani atalala?"

"Afadhali mkeshe kuliko..." Ruxandra akamtazama mwanawe. Kichwa cha Matei kilikuwa kimemlemea begani. "Matei? Huyu halali mchana kamwe. Matei!"

Bibi akamgusa mtoto shavu, na utani ukamwisha. "Amekula nini?"

"Hajala kitu. Ila pipi mbili tulizopewa kituoni na yule kijana wa nyuma, kwa ajili ya roho ya bibi yake. Sadaka ya marehemu utaikataaje?"

Basi likafunga breki mbele ya hospitali. Macho yote yakamgeukia mtoa sadaka, yaani mimi, mwanafunzi wa bweni mwenye kopo la dubu mfukoni.

"Ni za usingizi, mama," nikasema, nikilitoa kopo. "Niliuziwa bila kuulizwa hata umri. Nilitaka tu mtoto aache kulia kituoni. Na bibi yangu hajafa. Yuko nyumbani, anapika supu."