Jinsi Bwana Alivyonishusha Hadi Same

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, huku bondeni kama kule mlimani.

Wengi wenu hapa Same hamnijui, na mnayo sababu. Kwa miaka mingi sikukanyaga mji huu. Siyo kwamba nilikuwa mbali. Naishi kule juu, upande wa Vudee, na siku isiyo na ukungu, nikitembea hadi ukingo wa mlima, naona mabati ya mji wenu yakimeta. Nilikuwa nayaona, kisha nageuka narudi nyumbani. Leo nimesimama mbele yenu, na nitaeleza kwa utaratibu, maana mimi ni mtu wa utaratibu, jinsi Mungu alivyonifikisha hapa.

Nilikuwa dereva. Udereva nilijifunza kwa kutazama, na ufundi nilijifunza kwenye kitabu cha Kiingereza kilichochakaa, kwa msaada wa kamusi. Niliendesha Landrova la Mzee Eliapenda, mwenye duka kijijini kwetu. Siku za gulio tulishusha hapa Same kabichi, ndizi na watu, jioni tukapandisha chumvi, mafuta ya taa na watu walewale.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka miaka ile ya shida. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni. Mafuta ya breki hayakuwa na foleni, kwa sababu hayakuwepo kabisa. Basi madereva tukajaza maji ya sabuni kwenye breki. Kila niliyemfahamu alifanya hivyo, na kwenye tambarare yalifaa. Lakini ndugu zangu, sisi tunaishi mlimani. Mteremko mrefu hupasha breki moto, maji yakachemka, yakageuka mvuke. Mafuta hayabonyei ukiyakanyaga, mvuke unabonyea.

Siku moja ya gulio tulifika kwenye kona kali, ile ambayo ukiipita tu tambarare yote inafunguka chini yako. Nikakanyaga pedali. Ikaenda hadi chini kama nimekanyaga uji. Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nililiingiza gari kwenye ukuta wa udongo, likasugua, likapinda, likasimama, gurudumu moja la nyuma likiwa nje ya barabara, linazunguka taratibu hewani.

Hakuna aliyeumia. Bibi mmoja aliyekuwa amempakata kuku alishuka, akamkagua kuku wake mbawa zote mbili, kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu nilikuwa nakwenda kumuuza. Sasa namrudisha nyumbani. Tumeokoka pamoja."

Watu walinisifu sana. Walisema ni mikono yangu iliyowaokoa. Na mimi nilikuwa natazama lile gurudumu.

Gari lilivutwa hadi kwa Mzee Eliapenda, likawekwa kwenye migomba yake, na vipuri havikuwepo, likabaki hapo. Nikadhani mimi nimepona. Gulio lililofuata nilianza kushuka kwa miguu na wenzangu. Tulipokaribia ile kona, nikakaa chini kando ya barabara. Wenzangu wakangoja, wakaniinua, nikakaa tena. Nikarudi nyumbani. Nilijaribu mara nyingi baada ya hapo, na kila mara miguu yangu iligoma mahali palepale.

Hofu ikapanuka. Nilianza kuweka jiwe nyuma ya gurudumu la kila kitu. Hata toroli la kubebea mbolea, likiwa kwenye uwanja ulio sawa, nililiwekea jiwe. Watoto wa jirani walicheka. Wengine walisema kuna mtu kanifanyia jambo, wakanielekeza kwa wataalamu wao. Nilikataa. Wazee wa kanisa waliniombea, nikafunga, nikaomba. Niliinuka kwenye maombi nikiwa na amani, nikaenda mpaka karibu na kona, nikakaa chini.

Binti yangu wa kwanza, Naomi, aliolewa hapahapa Same. Mdogo wangu ndiye aliyemwingiza kanisani. Picha ya harusi ile ipo sebuleni kwetu. Kila aliyeingia aliitazama, akamwona mdogo wangu amesimama mahali pa baba, kisha akanitazama mimi, kisha akaomba maji ya kunywa.

Ndugu zangu, miaka ikapita, na milango ya biashara ikafunguliwa nchini. Vitu tulivyovisahau vikaanza kuonekana madukani. Wakati huo binti yangu wa pili, Nakijwa, alikuwa ameposwa na kijana wa hapa mjini, na harusi ilikuwa ifungwe huku kwao. Nyumbani hakuna aliyeuliza nani atamwingiza kanisani. Jambo lile tulilizunguka kila siku kama watu wanaokwepa dimbwi.

Siku moja alirudi kutoka gulioni na kopo dogo.

"Shikamoo, Baba. Nimekuletea zawadi."

"Marahaba. Zawadi gani?"

"Mafuta ya breki. Yanauzwa waziwazi dukani, yamepangwa kwenye rafu. Nilimuuliza mwenye duka kama ni ya kweli, akadhani namtania."

Nililigeuza kopo lile mikononi. Lilikuwa jipya, mfuniko wake haujafunguliwa. Nikamwambia, "Nakijwa, mimi sina gari."

"Liko kwenye migomba ya Mzee Eliapenda."

"Lile siyo gari tena."

"Sikuombi ushuke, Baba. Naomba gari tu. Mama na shangazi zangu wasitembee na mizigo kichwani siku ya harusi yangu."

Kama angeniomba nishuke, ningekataa. Aliomba gari, na mimi gari nalijua.

Tulikwenda wote wawili kwa Mzee Eliapenda. Alitutazama, akalitazama gari lililozama kwenye majani makavu, akasema, "Chukueni, ni lenu. Lakini wenyeji wangu wanataga humo. Wahamisheni kwa heshima." Wenyeji walikuwa kuku. Nakijwa aliwahamisha na mayai yao, na mmoja alirudi kwenye kiti cha dereva siku zote tulizokuwa pale.

Kulitoa migombani kulihitaji watu. Pembe ikapulizwa, watu wakaitika msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, kama tunavyoitika kwa mfereji au barabara. Akina mama walilima njia kwa majembe, wanaume wakasukuma, na gari likafika uwanjani kwangu likiwa na nyimbo. Mimi nilitembea nyuma na jiwe mkononi, tayari kuliweka.

Tukaanza kazi. Nilimfundisha Nakijwa utaratibu wangu: kila kinachofunguliwa, nati na boliti zake zinafungwa pamoja kwenye jani kavu la mgomba, zinapangwa ukutani kwa mfuatano. Cha mwisho kutoka ndicho cha kwanza kurudi. Alishika haraka. Siku moja jirani yetu alisimama uani, akaona miguu ya binti imetokeza chini ya gari.

"Baba Naomi, unaozesha binti au unaozesha fundi?"

Nakijwa akajibu kutoka chini kabla yangu. "Wote wawili, mjomba. Nisogezee hiyo spana hapo mguuni kwako."

Mjomba akainama, akaisogeza.

Asubuhi moja tulikuta ukuta mtupu. Vifurushi vyote vya majani ya mgomba havipo. Nikainama nikatafuta chini ya gari. Kisha sauti ya mke wangu ikatoka jikoni.

"Baba Naomi, majani yenu mwaka huu yanalia kwenye moto kama mahindi ya kukaanga."

Alikuwa amefagia uchafu wote ukutani akawashia moto. Nani kwetu asiyewasha moto kwa jani kavu la mgomba? Tulichekecha majivu kwa ungo wake wa unga, tukazipata nati, zimeungua, zimekuwa nyeusi, na hakuna iliyojua imetoka wapi. Mke wangu alikaa nasi akizipanga kwa ukubwa, akisema, "Hii inafanana na hii." Tulizijaribu moja moja mpaka kila moja ikapata mahali pake. Tulicheka sana siku ile. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu ile kona.

Injini ilikuwa imeshikana kwa kutu. Tuliilowesha kwa mafuta ya taa, tukangoja, tukaizungusha kwa mkono, tukangoja tena, mpaka ikalegea. Ilipowaka, moshi ulijaza uwanja na kuku wa jirani wakapotea mpaka jioni. Vipuri tulivyokosa Nakijwa alivifuata huku Same, akarudi navyo kwenye kikapu pamoja na nyanya.

Zikabaki breki. Niliziacha za mwisho, na sasa mnajua kwa nini. Tulipozifungua tulikuta ndani kutu na mabaki meupe ya sabuni yaliyokauka. Nakijwa aliyakwangua kwa kidole, akauliza, "Ni hii tu, Baba?" Nikasema ndiyo, ni hiyo tu. Tukasafisha, tukabadilisha raba, tukamimina mafuta yake ya zawadi.

Sasa ndugu zangu, nisikilizeni hapa. Breki mpya ina upepo ndani, na upepo lazima utolewe. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo. Mmoja analala chini, kwenye gurudumu, anafungua skrubu ndogo ili upepo utoke. Mwingine anakaa kwenye kiti cha dereva, anakanyaga. Skrubu zilikuwa ngumu kufikiwa na mkono wangu mnene. Mkono wa Nakijwa ulipita. Basi kiti cha dereva kikabaki changu.

Gari lilikuwa juu ya mawe, magurudumu yote yamefunguliwa, haliwezi kwenda popote. Hata hivyo nilisimama mlangoni mwa gari lile muda mrefu. Nakijwa alikuwa chini akingoja, wala hakuniharakisha. Nikasema kimoyomoyo, "Bwana, mimi siwezi, lakini mtoto amelala kwenye vumbi." Nikapanda.

"Kanyaga," akasema.

Nikakanyaga. Ikaenda chini kabisa, kama siku ile. Mwili wangu wote ukakumbuka.

"Shikilia." Akafungua, upepo ukatoka na povu. "Achia. Kanyaga tena."

Tukaenda hivyo. Kanyaga, shikilia, achia. Tukahamia gurudumu la pili, la tatu, la nne. Na pale, ndugu zangu, pedali ikaanza kupanda. Kila nikikanyaga, inakuja juu kidogo. Mwishowe nikakanyaga ikasimama. Ikasimama imara chini ya mguu wangu, kama jiwe. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, haikuondoka.

Wapo wanaoanguka chini wanapofunguliwa, na wapo wanaosikia sauti. Mimi sikuanguka na sikusikia sauti. Nilisikia pedali. Miaka yote ile nilikuwa nimemwomba Mungu aniondolee hofu, na nilidhani ataiondoa kama mtu anavyong'oa jino. Yeye aliitoa kama upepo kwenye breki, kidogo kidogo, na alimlaza binti yangu chini afungue skrubu.

"Ikoje, Baba?" akauliza.

"Ngumu."

Akatokeza kichwa, uso umejaa vumbi na mafuta. "Ngumu kweli?"

"Ngumu kweli."

Tulilijaribu gari barabara ya shule, kisha kwenye kilima kidogo cha kanisa. Siku iliyofuata nilimwambia Nakijwa apande pembeni yangu. Hakuuliza tunakwenda wapi. Nilianza kushuka kwa gia ya chini, polepole kama mtu anayebeba mayai. Kabla ya kila kona nilijaribu pedali, nikasema, "Ngumu," naye akaitikia, "Ngumu." Macho yangu yalikuwa barabarani na roho yangu yote ilikuwa kwenye mguu wa kulia. Ngumu. Ngumu. Tukaendelea hivyo kama watu wanaosoma zaburi kwa kupokezana.

Kisha nikasema "Ngumu" na hakuna aliyeitikia. Nikasema tena. Kimya. Nikasimamisha gari kando, nikamtazama. Machozi yalikuwa yanamteremka, na alikuwa anacheka.

"Kuna nini?"

"Baba, kona tumeiacha nyuma."

Nikageuka. Ilikuwa juu yetu, nyuma kabisa, na tambarare ya Same ilikuwa imefunguka mbele, mashamba ya mkonge na reli. Nilikuwa nimepita bila kujua. Tulikaa hapo tukiimba, mpaka mwenye mbuzi aliyekuwa anapita akatuuliza kama gari limeharibika. Nakijwa akamwambia, "Hapana, mzee. Limepona."

Jana nilimwingiza Nakijwa katika kanisa hili, kwa mkono wangu huu. Ninyi mliokuwepo mliona. Yeye alivaa glovu nyeupe, zikaficha kucha zake zenye grisi. Mimi sikuwa na glovu, na mpiga picha alinishauri nifiche mikono mgongoni. Nilikataa. Grisi ile nataka ionekane kwenye picha, iwekwe sebuleni pembeni ya ile nyingine.

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu na ungo wake, nawashukuru wote walioitika pembe. Na wewe uliyeketi hapa ukiwa na kona yako, unayoijua mwenyewe na huwaambii watu, nakusihi usiache kuomba. Lakini Bwana akikuletea kopo dogo badala ya muujiza uliouomba, lipokee, ulifungue. Mtumaini. Kaa kwenye kiti, ukanyage, hata kama mara ya kwanza itakwenda chini kabisa. Ukipenda tuombe pamoja, njoo mbele baada ya wimbo, nitasimama nawe.

Wanaopanda mlimani jioni hii, nafasi zipo. Gari limeegeshwa pale nje, kwenye mteremko wa lango la kanisa. Mtakapofika, tazameni magurudumu. Sikuweka jiwe.